Kutembezwa Pemba kwa siku moja: maswali mnayotuuliza sana

Wengi wanaotupigia simu ni watu wa Unguja, Dar na Tanga ambao wameisikia Pemba maisha yao yote bila kuifika. Maswali yanafanana, na mtandao wa simu hauishi kukatika, kwa hiyo majibu tumeyaweka hapa. Bei hazimo, maana mafuta ya gari hayakai bei moja. Hizo utaambiwa ukituandikia.

Siku moja inatosha kukiona kisiwa chote?

Haitoshi, na anayekuambia inatosha atakukimbiza tu upige picha mlangoni kila mahali. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na barabara zake ni za kupanda na kushuka vilima. Kwa hiyo tumeigawa. Njia ya kaskazini inapita Konde, inaingia msitu wa Ngezi, inatokea pwani ya Vumawimbi, inarudi kwa magofu ya Haruni kule Chwaka Tumbe. Njia ya kati inaanzia ngomeni Chake Chake, inakwenda Wawi kwenye kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kisha mashamba ya karafuu, kisha Pujini kwa Mkama Ndume. Zote mbili zinamalizia jioni kwa popo wa Kidike. Unachagua moja. Wapo wanaotaka zote kwa siku moja, na hao tunawakatalia hata wakiongeza pesa.

Nichague ipi basi?

Mwenye watoto, au anayetaka miti na bahari, aende kaskazini. Anayependa kusikiliza visa vya wafalme na kuuliza "sasa huyu alikuwa nani" achukue ya kati. Tukiulizwa sisi, kwa mtu anayekuja mara moja tu katika maisha yake, tungesema kaskazini, kwa sababu msitu kama Ngezi hutauona Unguja, ilhali magofu ya zamani utayapata pwani nzima kuanzia Lamu mpaka Kilwa.

Nitafikaje Pemba?

Kwa boti kutoka Unguja unateremkia bandari ya Mkoani, kusini mwa kisiwa. Kwa ndege ndogo ni kama nusu saa, na uwanja uko karibu na Chake Chake. Kutoka Tanga pia kuna usafiri wa bahari, lakini ratiba zake hubadilika, kwa hiyo ulizia wiki hiyo hiyo unayosafiri. Anayetaka kuja mwenyewe kwa daladala hadi tulipo asipate tabu: ya 603 inatoka Mkoani hadi Chake Chake, na ya 602 inakwenda Konde.

Naweza kuja asubuhi na kurudi Unguja jioni?

Kwa ndege inawezekana, ukipata ya asubuhi na ya mwisho, lakini popo utawakosa. Kwa boti sahau. Lala usiku mmoja Chake Chake au Wete, uamke vizuri. Gari yetu inaondoka saa moja na nusu asubuhi.

Mkama Ndume alikuwa nani hasa?

Jina lake linalotajwa ni Muhammad bin Abdulrahman, na alitawala Pujini kiasi cha karne ya 15, kabla Wareno hawajaingia pwani yetu. Alijenga boma lenye ukuta na handaki, jambo lisilo la kawaida kwa miji ya Waswahili ya wakati ule, ambayo mingi ilitegemea zaidi bahari na biashara kuliko kuta. Wazee wa Pemba wanamsimulia kwa kutikisa kichwa: eti aliwabebesha watu mawe ya ujenzi huku wakisota kwa makalio, na hakuna aliyethubutu kusimama. Kama alikuwa dhalimu kiasi hicho, au visa vimenenepa kwa kusimuliwa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini ukiliona boma lilivyo kubwa unaelewa kwamba aliyelijenga hakuwa na upungufu wa watu wa kuwaamrisha.

Kitu ambacho wageni hawakisahau ni kisima. Kimegawanywa kwa ukuta katikati, na inasimuliwa kwamba wake zake wawili walikuwa hawapatani, basi mmoja alishuka kwa ngazi kuteka maji na mwengine aliteka kwa ndoo na kamba upande wa pili, wasionane. Hapo kila kundi lina maoni yake. Akina mama husema dawa ilikuwa kuchimba visima viwili, si kujenga ukuta.

Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta pia chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa limefinyangwa kwa chokaa ukutani. Siwa ni baragumu la kifalme, na hulikuti kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo mwenye mahali pale, vyovyote visa vinavyosema, alijihesabu mfalme kweli.

Huko Pujini kuna nini cha kuona leo? Nimeambiwa ni vichaka tu.

Vichaka vipo, tusidanganyane. Kuta nyingi zimeanguka, na asiye na wa kumwonesha atapita juu ya handaki asijue. Usitarajie kitu kama Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe. Hapa unahitaji mtu wa kukuambia hapa palikuwa lango, hapa palikuwa ngazi, hapa maji yaliwahi kufika. Tukifika tunasimama kwanza juu ya tuta la ukuta, unaangalia upande wa bahari, halafu maelezo yanaanza.

Na hao wa Haruni?

Haruni anatajwa kuwa mtoto wa Mkama Ndume aliyehamia kaskazini, na magofu ya Chwaka Tumbe yamebeba jina lake. Palikuwa mji hasa, wenye misikiti ya mawe na makaburi ya kifahari. Nyumba za watu wengi zilikuwa za udongo na miti, ndiyo maana hazionekani leo. Mgeni akiona msikiti mmoja shambani hudhani watu walikuwa wachache, kumbe amesimama katikati ya mitaa iliyorudi udongo na sasa imelimwa muhogo.

Msikiti mmojawapo unaitwa Msikiti Chooko. Inasemekana chokaa yake ilichanganywa na chooko, yaani choroko, ili ishike vizuri. Jirani yake yapo makaburi ya Mazrui, wale waliotawala Mombasa na kuishika Pemba mpaka majeshi ya Seyyid Said, mtawala wa Omani, yalipowaondoa miaka ya 1820.

Historia ya Pemba inaanzia kwa hao?

La, inaanzia nyuma zaidi. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad, alifika mwaka 916 katika kisiwa alichokiita Qanbalu, chenye Waislamu, na wanazuoni wengi wanaamini ni Pemba, upande wa Ras Mkumbuu. Karne tatu baadaye Yaqut, mwandishi mwengine wa Kiarabu, alikitaja Kisiwa cha Kijani chenye miji miwili. Mji wa pili ni Mtambwe, ng'ambo ya Wete.

Ras Mkumbuu ni rasi ndefu na nyembamba magharibi mwa Chake Chake, yenye msikiti mkubwa uliobomoka na makaburi ya nguzo yanayotazama bahari. Kwa gari ni tabu. Tunakwenda kwa mashua ya mashine, na hiyo ni safari ya siku yake.

Ni kweli dhahabu ilichimbuliwa Mtambwe?

Kweli. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu palipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, nyingi ndogo kama ukucha wa kidole kidogo, pamoja na dinari chache za dhahabu, zote za karne ya 11 hivi. Kuna sarafu zenye majina ya watawala wa hapa hapa, maana yake Wapemba walikuwa wakipiga fedha zao wenyewe wakati sehemu nyingi za dunia bado wanabadilishana bidhaa kwa bidhaa.

Kuna wageni wanaotuuliza, wengine kwa mzaha wengine kwa macho makavu, kama wanaweza kuja na jembe. Hapana. Ni mahali pa hifadhi ya mambo ya kale, na sheha na watu wake wanawajua wageni wote wanaoingia. Mtambwe unafikika kwa miguu maji yakipwa, kupitia kando ya mikoko, au kwa ngarawa yakijaa. Haimo katika njia zetu mbili kwa sababu bamvua haingoji ratiba ya mtu.

Kwa nini Pemba ina ndege na wanyama wasiopatikana kwengine?

Kwa sababu ya kina cha mkondo wa bahari unaotutenga na bara. Unguja ilikuwa imeungana na bara enzi bahari iko chini, wakati wa zama za barafu, kisha maji yalipopanda ikawa kisiwa. Mkondo wa Pemba una kina kinachofika mita 800 hivi. Hata bahari iliposhuka, Pemba ilibaki peke yake. Viumbe waliokuwamo wakaendelea na maisha yao bila wenzao wa bara, na baada ya muda mrefu wakawa wa aina yao.

Kwa ndege tu kuna wanne: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kindege kidogo cha manjano chenye duara jeupe machoni, na bundi mdogo wa rangi ya kahawia. Huyo bundi hulia usiku Ngezi, sauti moja fupi, kisha kimya, kisha tena. Kwa wengi wetu bundi akilia juu ya paa ni mkosi, lakini kuna watu wanaopanda ndege mbili tatu kuja kumsikia huyu. Anayetaka safari ya usiku aseme mapema tupange na walinzi wa msitu.

Ngezi kuna nini zaidi ya miti?

Miti yenyewe inatosha. Zamani sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa msitu, karafuu na mashamba vikaumeza, na Ngezi ndiyo kipande kikubwa kilichobaki. Utaona mvule ambao watu watatu wakishikana mikono hawauzunguki, mgombakofi mabondeni penye maji, na mpapindi, mtende mwembamba ambao asili yake ni Pemba. Ukitembea kimya unaweza kukutana na paa mdogo, ingawa kwa kawaida unachoona ni majani yakitikisika baada ya yeye kuondoka. Kima wapo. Kima punju wale wa Jozani nao wapo wachache, waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, lakini usitulaumu wasipojitokeza.

Mnyama mkali hakuna. Mbu wapo, hasa baada ya mvua.

Ukitoka msituni, njia inafunguka Vumawimbi: mchanga mweupe, mivinje, na mara nyingi hakuna mtu ila wavuvi wanaotengeneza nyavu. Tunakaa hapo saa moja au zaidi. Kuogelea ruhusa, ila uliza kwanza kama maji yanavuta.

Hao popo mnaowasifu sana, si popo tu?

Subiri uwaone. Popo wa Pemba ni mkubwa, mbawa zake zikinyooka zinazidi mita moja na nusu, uso wake kama wa mbweha, manyoya ya rangi ya kutu. Hakai pangoni. Mchana analala juu ya mti, ananing'inia kichwa chini amejifunga mbawa, na mti mmoja unaweza kuwa nao mamia. Ukikaribia unasikia zogo kama la soko la samaki: wanagombania nafasi, wanajipepea kwa bawa moja, mama anamrekebisha mtoto kifuani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wanakaribia kwisha. Miti ilikatwa na watu waliwawinda kwa kitoweo, wengine kwa bunduki. Kidike, karibu na Mjini Ole, ni wanakijiji wenyewe waliokubaliana kuacha, na wageni wakaanza kulipia kidogo kuja kutazama. Vijiji vingine vikafuata, kisha hesabu zikapanda hadi zaidi ya popo 20,000 kisiwa kizima. Faida yake si utalii peke yake, maana popo anakula embe na shelisheli na kwenda kutupa kokwa mbali, hivyo anapanda miti bila kudai ujira.

Tunafika saa kumi na moja jioni. Jua likizama wanaanza kuondoka mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wanakwenda kutafuta chakula. Usipige kelele, usirushe jiwe "ili waruke upige picha". Aliyefanya hivyo tutamrudisha garini, mtu mzima au mtoto.

Karafuu ilifikaje Pemba, na nitaona nini?

Karafuu ilitoka visiwa vya mbali vya Asia na kuingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akawahimiza wenye ardhi waipande. Mwanzo Unguja ndiyo iliyokuwa mbele. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka huku. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Hilo tunalisema wazi shambani, kwa sababu wapo wanaopenda harufu peke yake. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikawagawia wananchi ardhi, eka tatu tatu.

Msimu wa kuchuma huanzia kiasi cha Julai na kuendelea hadi mwanzo wa mwaka, kwa vipindi. Mchumaji anapanda juu na kamba, anavuta tawi, anachuma shada zima. Kazi ya usiku ni kuchambua: familia na majirani wanakaa kwenye baraza, karafuu inatupwa upande huu, makonyo upande ule, na maneno ya mtaa mzima yanapita hapo. Asubuhi zinaanikwa juani juu ya majamvi. Mbichi ni kijani chenye wekundu, na baada ya siku tatu hadi tano za jua inakuwa kahawia iliyokolea, ukiibana kati ya vidole inavunjika. Mvua ikinyesha ghafla utaona kijiji kizima kinakimbia kukunja majamvi, na dereva wetu pia anashuka kusaidia.

Makonyo hayatupwi. Yanapelekwa Wawi, yanapikwa kwa mvuke, yanatoka mafuta. Kiwanda hicho kinakamua pia mchaichai na mkaratusi. Ukitoka humo nguo zako zitanukia mpaka kesho.

Naweza kununua karafuu nikaondoka nazo?

Vipakiti vidogo vilivyofungwa vya zawadi, ndiyo. Karafuu kavu za gunia ununuzi wake ni wa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na magendo ya karafuu ni kosa. Mtu akikuvuta pembeni na kukuuzia kilo kadhaa kwa bei ya kutupa, ujue matatizo utayabeba wewe bandarini.

Mchezo wa ng'ombe tutauona?

Ukibahatika. Huchezwa zaidi kipindi cha ukame, Desemba hadi Februari, vijiji kama Wingwi na Kengeja. Wengi wanasema asili yake ni Wareno. Ng'ombe hauawi: anafungwa kamba, vijana wanamchokoza kwa kitambaa, akinamama wanaimba, na anayezidiwa na dume anacheka zaidi kuliko wote baadaye. Hauna kalenda ya kudumu, kwa hiyo hatuuzi safari yake.

Nasikia Pemba kuna uchawi. Niogope?

Swali hili linaulizwa na watu wazima wenye shahada zao. Waganga wa kienyeji wapo Pemba kama walivyopo Tanga, Sumbawanga na Bagamoyo. Safari yetu haipiti kwa mganga, na hakuna atakayekugeuza kitu. Utakachokutana nacho ni watu wanaokukaribisha chai kabla hawajakuuliza jina.

Nivae vipi?

Kisiwa ni cha Waislamu kwa wingi mkubwa. Wanawake nguo ya kufunika mabega na magoti, wanaume wasitembee vifua wazi mjini. Pwani ya Vumawimbi nguo za kuogelea hazina shida, ukirudi garini jifunge kanga. Salamu nazo ni sehemu ya mavazi: mzee anapewa shikamoo, kijijini unapiga hodi na kusubiri. Picha ya mtu iombwe.

Mwezi wa Ramadhani mnafanya kazi?

Ndiyo, kwa muda mfupi zaidi. Asiyefunga anakula ndani ya gari au mahali palipositirika, si barabarani. Jioni tunafuturu pamoja, na futari ya Pemba ni sababu tosha ya kuja: muhogo wa nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Swala hazirukwi siku yoyote, tunasimama.

Chakula cha mchana?

Kimo. Wali wa nazi, samaki wa kupaka au pweza, na mboga. Asiyekula samaki aseme mapema, maana kuku wa kienyeji anahitaji muda. Njiani tunasimama kwa halua, na hapo kuna ubishi wa Wete na Chake Chake ambao hatujiingizi.

Kisiwa cha Misali kimo?

Hapana. Misali ni hifadhi tangu 1998, yenye matumbawe na fukwe ambazo kasa hutagia, na mashua zinaondokea Wesha. Inataka siku nzima na bahari tulivu. Ukiwa na siku mbili, hiyo iwe ya pili.

Miezi gani ni mizuri?

Juni hadi Oktoba, na Januari hadi Februari. Masika, Machi mpaka Mei, mvua ya Pemba haichezi, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Njia ya Ngezi inakuwa tope. Vuli inanyesha na kuacha.

Nahitaji karatasi gani?

Mtanzania, kitambulisho. Mgeni wa kutoka nje ya nchi awe na pasipoti na bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024. Na yeyote atakayejitolea kukutembeza bandarini, sisi tukiwemo, mwombe kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Papasi, yaani anayewavizia wageni bila leseni, hukasirika kidogo akiulizwa, mwenye leseni anakionesha kabla hujamaliza sentensi.

Watoto na wazee wanaweza?

Watoto wa miaka sita kwenda juu wanaimudu njia ya kaskazini vizuri. Mzee mwenye matatizo ya magoti asishuke ngazi za kisima Pujini. Akae kivulini, tutamletea maelezo.

Nibebe nini?

Viatu vya kufunga, chupa ya maji, dawa ya mbu, koti jepesi la mvua, darubini kama unayo. Pesa taslimu ndogo ndogo, kwa sababu Kidike na vibanda vya Konde havichukui kadi. Simu ijazwe chaji usiku. Saa moja na nusu uwe nje ya nyumba ya wageni. Anayechelewa tunampigia mara mbili, ya tatu tunampigia tukiwa tayari njia ya Konde.